Kichuguu cha Kabati

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikiona wingu nawaza mafuriko, nisipoliona nawaza njaa. Kwa hiyo mwaka wa tisini na saba, mdogo wangu Mbuvi alipoleta nyumbani kwangu Kitui sanduku la disketi na kuniambia ndani mna kazi yake ya miaka mitatu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuliondoa dirishani lisichomwe na jua. Cha pili nilimuuliza kama ana nakala nyingine. Akasema anayo, lakini iko Ulaya chuoni kwake, na yeye yuko Kitui na viza iliyokwisha.

Alikuwa amerudi kumzika baba, akadhani ni safari fupi. Ubalozi ulimwambia angoje, akangoja, na huku profesa wake akimpigia simu kwa sauti iliyozidi kuwa ya upole. Mimi upole wa namna hiyo unanitisha kuliko kelele. Idara yao ilikuwa na nafasi moja tu ya mwanafunzi wa utafiti. Kama hesabu za Mbuvi hazingekamilika kabla ya mkutano mkubwa wa wanafizikia mwezi wa tisa, nafasi ile ingepewa mtu mwingine, naye angebaki nyumbani na nusu ya shahada, kitu ambacho hakuna mwajiri anayejua kukipima.

Kazi yenyewe nitaieleza kama alivyonieleza mimi, mwalimu wa taipu na kompyuta katika chuo kidogo cha biashara. Kuna chembe zinashuka kutoka angani usiku na mchana, ndogo kiasi kwamba zinakupita mwilini bila hodi. Huko Ulaya wamezika mtambo ndani ya mgodi wa zamani, unanasa chache kati ya hizo na kuandika kila moja ilikuja na nguvu kiasi gani. Ukizipanga kwenye mchoro kwa nguvu zake unapata mteremko, maana zilizo dhaifu ni nyingi na zenye nguvu ni chache. Mbuvi alikuwa akitafuta mahali ambapo mteremko huo unainuka kidogo, kama kichuguu katikati ya shamba. Kichuguu kingemaanisha kwamba kuna chembe ya aina ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona.

Shida ilikuwa wingi. Kompyuta ya chuoni kwangu, peke yake, ingehesabu disketi zile mpaka Krismasi ya mwaka uliofuata. Kwa hiyo Mbuvi aliamua kuigawa kazi vipande vipande na kuisambaza kwa kila mwenye kompyuta tuliyemjua, na hao hawakujaza benchi moja. Nilikuwapo mimi. Alikuwapo Mulei, mwenye duka la kupiga chapa na fotokopi pale Kabati. Migwani, ofisi ya kanisa ilikuwa na kompyuta ya msaada iliyotunzwa na shemasi Mbula, mama wa makamo, ambaye aliifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya arusi. Na kule Nunguni, juu milimani Makueni, alikuwako Syokau niliyesoma naye, karani wa chama cha ushirika. Tulimwomba pia Rashid, mwenye ofisi ya sekretari hapa mjini Kitui, akasema mashine yake ndiyo inalisha watoto na haina nafasi ya kuchezea mambo ya angani.

Mbuvi aliweka sharti moja. Kila kipande kihesabiwe mara mbili, kwenye mashine mbili tofauti, halafu yeye alinganishe majibu. "Kompyuta mbovu haikohoi," aliniambia. "Inakupa jibu la uongo na uso mkavu." Vipande vyangu vilikuwa sawa na vya Syokau. Vya Mulei vilikuwa sawa na vya Mbula, kwa sababu Kabati na Migwani ni barabara moja na ilikuwa rahisi kuwapelekea pamoja.

Siku alipowaeleza watu kanisani Migwani nilikuwa nimeketi nyuma, nikaona wanavyoanza kusinzia kwenye neno fizikia. Naye aliona. Akaachana na Kiswahili chake cha darasani akasema, "Sikizeni. Hii ni mwethya tu." Watu wakaamka. Nani Ukambani asiyejua mwethya? Leo kundi zima tunachimba mitaro ya shamba lako, kesho ya shamba langu, kila mtu na kipande chake. Mbula alisimama akasema kama ni hivyo, kazi imeanza. Nilijivuna siku hiyo, nikidhani mdogo wangu amepata akili ya kuongea na watu.

Majibu yalianza kurudi. Yangu na ya Syokau yalikosana hapa na pale, tukarudia, yakapatana. Ya Kabati na Migwani hayakukosana hata mara moja, tangu disketi ya kwanza mpaka ya mwisho. "Wale watu ni hodari," Mbuvi alisema. Na katika majibu yao, katikati ya mteremko, palikuwa na kichuguu.

Kwetu hakikuwapo. Mbuvi alikuwa na maelezo ya hilo: vipande vya Kabati na Migwani vilitoka katika miezi ya mwisho, baada ya mtambo wa mgodini kufanyiwa marekebisho, kwa hiyo uliona vizuri zaidi. Nilitaka kuamini, nikaamini. Alimpigia profesa, na kwa mara ya kwanza sauti ya yule mzee haikuwa ya upole. Ilikuwa ya haraka. Angepanda jukwaani Jumanne. Mbuvi ampigie Ijumaa alasiri athibitishe kwamba hesabu zote zimefanywa mara mbili, na kichuguu kingeonyeshwa mbele ya watu wote na jina la Mbuvi chini yake. Nafasi yake ingekuwa salama.

Ijumaa hiyo Mbuvi alipiga pasi shati. Nilimuuliza tangu lini simu inaona kola. Akaigeuza kola akaipiga tena. Alikuwa chumbani akiimba wimbo wa kwaya, na mimi nilikuwa sebuleni, Mbula alipoingia na mfuko wa ndengu.

"Nimekuja kusema asante," alisema.

"Asante ya nini, mwaitu, mama yetu? Sisi ndio wa kushukuru."

"Hapana, kwa ile mlinivumilia. Si kompyuta yetu ilichomeka. Stima ilipotea ile wiki ya kwanza, ikarudi na nguvu, ikatoa moshi huko nyuma, basi. Nikasema ai, sasa nitamwambia nini mtoto wa watu?"

Nilikuwa nimeshika birika. Nililiweka chini. "Na yale majibu uliyoleta?"

"Ni Mulei. Aliona nimeachwa nyuma. Akaniambia, mama, hizi disketi zako ziko na namba ile ile ya zangu, na mimi nimemaliza, leta nikujazie. Akanijazia zote." Alicheka kwa upendo. "Kwani mtu na akili yake atachimba mtaro moja mara mbili?"

Kila kitu kilinyooka kichwani mwangu mara moja, na nikaogopa kama sijawahi kuogopa. Kwenye mwethya hakuna anayerudi nyumbani wakati kipande cha jirani hakijaisha. Mwenye nguvu anamaliza chake, anavuka anakamata jembe upande wa aliyechelewa, na hakuna anayelitaja. Mimi mwenyewe nimevukiwa mara nyingi. Mulei alikuwa amefanya kile ambacho mtu mwema yeyote wa kwetu angefanya. Kile kichuguu kilikuwa kimehesabiwa na mashine moja tu.

Chumbani Mbuvi alifika kwenye kiitikio. Niliwaza, tunaojua ni watatu, na wawili hawajui wanachokijua. Nikinyamaza, anarudi chuoni. Na huenda kichuguu ni cha kweli. Nilitamani sana kunyamaza. Nilimmiminia Mbula chai, ikamwagika mezani.

"Nimekosea mahali?" aliuliza.

"Hapana, mwaitu. Kunywa chai."

Nilimwambia Mbuvi tukiwa njiani kwenda posta, karibu na soko, kwa sababu nilijua tukifika mlangoni sitaweza. Alisimama katikati ya watu wenye vikapu.

"Zote?"

"Zote."

"Watu wazima," alisema, na sauti ikampanda. "Niliwaambia mara mbili. Si niliwaambia mara mbili?"

"Uliwaambia ni mwethya, Mbuvi. Wamefanya mwethya. Tena vizuri kabisa."

Alinitazama kama niliyemzaba kofi. Kisha akatembea, nami nikamfuata, na sikujua atasema nini akishika ile simu. Nilibaki nje ya kibanda cha simu nikitazama mgongo wake. Shati la pasi lilikuwa limelowa. Aliongea kidogo, akasikiliza sana, akatoka.

"Nimemwambia nusu ya kazi imehesabiwa mara moja tu."

"Akasemaje?"

"Akasema anapanda jukwaani Jumanne alasiri. Nimpigie asubuhi yake. Nikiwa na jibu, ni sawa. Nikiwa sina, anasikitika." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Neno lenyewe ndilo hilo, dada. Anasikitika."

Muda wa kurudia vipande vyote vya Kabati haukuwapo, kwa hiyo Mbuvi alichagua vichache tu vilivyobeba kichuguu, na tulihitaji mashine ambayo haijaugua. Kwa Syokau ni mbali. Yangu ilikuwepo, lakini peke yake isingetosha kuimaliza kazi ile na kubakiza muda wa kulinganisha. Tulirudi kwa Rashid. Alitusikiliza huku akikunja karatasi za mteja.

"Kwa hivyo nifunge biashara siku tatu," alisema, "mjue kama huyo mdudu wa angani yuko ama hayuko."

"Ndiyo," Mbuvi alisema.

"Na akiwa hayuko?"

"Tutakuwa tumejua hayuko."

Rashid aliweka karatasi chini. Nadhani alitegemea kubembelezwa zaidi. "Chukueni. Lakini aketi yule mama wa kanisa, asiguse mwingine. Nyinyi wawili mnatetemeka, mtaniharibia."

Basi Jumamosi asubuhi Mbula aliketi kwenye mashine ya Rashid, na Tima, mke wa Rashid, akimletea chai na mahamri kila alipogeuka. Mulei alianza upya Kabati. Mimi nilianza vipande vile vile chuoni, kadiri vitakavyowahi. Kabla ya hapo Mbuvi aliwaita Mulei na Mbula pamoja, akawaeleza tena, safari hii bila mwethya. Aliwaambia kwamba kwenye kazi hii kusaidiana ndiko kuharibu. Akawaomba wasizungumze habari ya hesabu hizi mpaka yeye mwenyewe aseme. Waliinamisha vichwa kama watu wanaoapishwa. Mbula alikuwa na machozi, na Mulei aliikunja kofia yake mpaka nikaihurumia.

Saa sita mchana stima ilipotea mji mzima. Mashine yangu ilizimika katikati ya disketi, na hiyo ilimaanisha kuirudia tangu mwanzo. Nilitoka nje nikatazama nguzo za stima, kana kwamba nguzo zingeniambia kitu. Nilienda kwa Rashid, nikamkuta Mbula ameketi mbele ya kioo cheusi, mikono mapajani, akiomba kimya. Nikarudi. Nikaenda tena. Rashid akaniambia nikipita mlangoni pake mara nyingine atanitoza kodi. Stima ilirudi jua likielekea kuzama, na mimi nilikuwa nimechoka kuliko mtu aliyelima.

Jumapili Mbuvi alinituma Migwani kuchukua disketi ambazo Mulei alikuwa amemaliza, kwa maana kwao Mulei ni Migwani na Jumapili huwa anafunga duka kwenda kuabudu. Mbula naye alikuja ibadani, mashine ya Rashid ikiendelea na Tima akiilinda. Wakakutana mlangoni mwa kanisa. Hawa ni watu waliochimba mitaro pamoja tangu Mulei akiwa kijana. Mulei alimwona, akatazama viatu vyake. Mbula aligeukia ukutani akaanza kusoma kalenda ya mwaka uliopita.

Kanisa zima liliona. Minong'ono ikaanza, shamba, mpaka, mbuzi aliyekula mahindi. Mchungaji naye aliona, na katika maombi akawakumbuka wale wenye uchungu moyoni ambao hawataki kusema na ndugu zao. Mbula alisikia, akainama zaidi. Alikuwa shemasi, na alikubali kuaibika mbele ya watu wake kwa ajili ya namba asizozielewa.

Nilimkamata Mulei nje. "Mbona hamsalimiani? Mbuvi alikataza habari za kazi tu."

"Mwalimu, nikimsalimia ataniuliza watoto," alisema. "Nikimaliza watoto ataniuliza mbuzi. Akimaliza mbuzi ataniuliza kazi inaenda aje. Na akiniuliza nitamwambia, maana mimi sijawahi kumnyima mama jibu. Afadhali nisianze."

Nilicheka, nikataka kulia, halafu wasiwasi wangu ukarudi mahali pake.

Jumanne asubuhi mapema Mbuvi alichapisha michoro mitatu na kuitandaza juu ya dawati la chuo changu. Wa Mulei ulikuwa na kichuguu, kizuri, kimesimama. Wa mashine ya Rashid ulikuwa mteremko mtupu. Wa kwangu, mteremko mtupu. Alizisoma namba zenyewe kwa kidole mpaka akapata mahali. Mashine ya Mulei ilikuwa na kasoro kwenye kumbukumbu yake: kila chembe iliyozidi nguvu fulani, iliirudisha chini ikaiweka mahali pamoja na wenzake, zikarundikana hapo. Kichuguu kilizaliwa Kabati, chini ya mabati ya moto, na hakikuwahi kuwa angani.

"Hakuna," Mbuvi alisema. Alikaa chini. "Dada, hakuna kitu."

Nilimwonea uchungu ambao siwezi kuupima. Ule mchoro wenye kichuguu ndio uliokuwa na nafasi yake ndani, na sasa ulikuwa karatasi ya kufungia sukari. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia avae viatu, tunachelewa posta.

Mulei na Mbula walikuwa wametutangulia. Hakuna aliyewaita. Mulei alisimama upande wa lango, Mbula upande wa masanduku ya barua, na kati yao uwanja mzima wa posta. Mbuvi aliwapita wote wawili akaingia kibandani. Safari hii aliongea muda mrefu. Niliona kichwa chake kikiinama, kikiinuka, kikiinama tena. Nilijaribu kusoma mgongo wake na nikasoma mabaya tu.

Alipotoka alikuja moja kwa moja mbele yangu.

"Nimemwambia hakuna kichuguu. Akaniuliza nina hakika kiasi gani. Nikamwambia kuna watu wawili hawajasalimiana tangu Jumamosi ili mimi niwe na hakika."

"Akacheka?"

"Hakucheka. Alisema alikuwa anaogopa nimpigie niseme kipo. Wenzake wa mkutanoni walimwambia juzi kwamba wamehesabu miezi ile ile kwingine na hawakuona kitu, na kama angekionyesha leo wangemla mzima. Sasa atapanda aseme hakipo, na ataeleza tumekagua vipi, na atataja jina langu." Akanishika mkono. "Nafasi ni yangu, dada. Na anataka kuleta hesabu za mwaka mwingine. Huku. Kwa watu hawa hawa."

Viza ilikuwa bado haijapatikana, na nilitaka kumkumbusha, kwa sababu ndivyo nilivyo. Badala yake niliketi kwenye ngazi ya posta nikalia kwa sauti. Mama mmoja aliyekuwa akipita alinipa pole ya msiba.

Mulei alikuwa hajasogea kutoka langoni. "Imeisha ama bado?" aliuliza kutoka kule kule.

Mbuvi alimwendea. Nilikuwa nimeiogopa sehemu hii. "Imeisha. Ni mashine yako, Mulei. Ndiyo ilikuwa mgonjwa."

Mulei alivua kofia. Nikaona anavyoirudia safari nzima kichwani, disketi kwa disketi. "Kwa hivyo nilipomjazia mama," alisema polepole, "nilikuwa nampatia ugonjwa wangu."

"Hukujua."

"Sikujua." Akatazama ng'ambo ya uwanja, alikosimama Mbula na mkoba wake kifuani. "Sasa naweza kumsalimia?"

"Msalimie."

Walikutana katikati. "Wakya ata, mwaitu?" Mulei alisema, na Mbula akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili. Walianza na watoto. Wakaenda kwa mbuzi, kwa mama yake Mulei anayeumwa magoti, kwa kompyuta ya kanisa iliyokufa, kwa mchungaji na yale maombi yake, na hapo wakacheka mpaka karani wa posta akachungulia dirishani. Tuliwangoja. Mbuvi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hesabu za mwaka mzima zitachukua miezi, labda mpaka mvua za mwaka ujao. Nadhani Mbula alisikia, maana aligeuka.

"Hiyo ya mwaka mwingine," alimuuliza Mbuvi. "Tutanyamaziana hivi mpaka lini?"

Mbuvi aliutazama mkono wa Mulei, ambao Mbula alikuwa bado hajauachilia.